Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara: Kumalizia na Kupamba Gitaa la Umeme Ulilotengeneza Mwenyewe

Mbao imekatwa, shingo imekaa mahali pake, matundu ya pikapu, yaani vinasa sauti vya nyuzi, yamechimbwa. Mtu anakitazama kiwiliwili kitupu juu ya meza na kudhani imebaki kazi ya jioni moja. Imebaki nusu ya kazi. Haya ndiyo maswali ninayoulizwa zaidi na watu waliofika hapo, pamoja na majibu yangu, mengine niliyoyapata kwa kuharibu.

Nipake rangi sasa, au nifunge vyuma kwanza?

Funga kila kitu kwanza, gitaa likiwa bado mbao tupu: shingo, daraja (kile kipande kinachoshika nyuzi kwenye kiwiliwili), vigingi vya nyuzi, pikapu, vitufe, hata vile vishikizo vya mkanda. Tia nyuzi mbili tu, ile nene kabisa na ile nyembamba kabisa, uangalie kama zinapita sawasawa kwenye shingo bila mmoja kutaka kudondoka ukingoni. Toboa matundu yote ya skrubu. Pima, cheza kidogo, ndipo ufungue vyote na kuvitia kwenye kopo.

Gitaa langu la pili nilitoboa matundu ya daraja baada ya rangi kukauka. Keekee iliteleza, ikachora mstari unaoonekana hadi leo chini ya kibandiko ambacho watu hudhani ni pambo.

Nitumie msasa namba ngapi?

Swali hili lina jibu fupi na jibu refu. Fupi: 120, halafu 180, halafu 220.

Refu ni hili. Kila namba ina kazi moja, kufuta mikwaruzo iliyoachwa na namba iliyotangulia. Ukiruka kutoka 80 hadi 220, ile 220 haina meno ya kufuta makovu ya 80. Itayalainisha kingo tu, na mkono wako utadanganyika kwamba pamekuwa laini. Jicho litakuja kuyaona siku ya kutia rangi ya mbao, kwa sababu rangi hujikusanya ndani ya mkwaruzo na kuutangaza. Rangi haifichi kosa la msasa. Watu wengi hawaliamini hili mpaka wapake gitaa la kwanza.

Fuata mishipa ya mbao, usiikate. Sehemu bapa zipige msasa uliozungushiwa kipande cha mbao au mpira mgumu, kwani vidole vitupu huchimba mabonde madogo ambayo hutayaona mpaka yaanze kung'aa. Sehemu za kujipinda, zile pembe mbili na lile bonde la kiuno, zipige kwa sponji au mkono. Pale mbao ilipokatwa kikingamo, yaani miisho ya mishipa, endelea mpaka 320, kwa sababu hapo hunywa rangi kwa uchu na kugeuka nyeusi kuliko sehemu nyingine.

Kabla hujaridhika, zima taa ya juu, washa taa moja uilaze karibu na meza ili mwanga upite juu ya mbao kwa ubavu. Mikwaruzo itajitokeza. Kisha futa kiwiliwili chote kwa kitambaa chenye spiriti: kwa sekunde chache utaona mbao itakavyokuwa ikipakwa vanishi, na utaona pia madoa ya gundi. Doa la gundi halinywi rangi kabisa. Litabaki baka jeupe katikati ya kazi yako. Likwangue sasa.

Mwisho, futa kwa kitambaa chenye unyevu, acha ikauke, na utakuta mbao imeota malaika kama kidevu cha asubuhi. Pitisha 220 kwa wepesi. Kama utatumia rangi au vanishi ya maji, rudia mara mbili.

Nimeliangusha, lina kibonyeo. Nijaze puti?

Kama nyuzi za mbao zimebonyea bila kukatika, hapana. Weka kitambaa chenye maji juu yake, gusa kwa ncha ya pasi ya moto, mvuke utaiinua mbao. Rudia mara tatu au nne. Puti ni ya pale mbao ilipotoka kabisa.

Mbao yangu ina vitundu vidogo vidogo kila mahali. Ni kasoro?

Si kasoro, ni vinyweleo. Mkangazi, mvule na eshi wanavyo vikubwa. Mepo na alda vyao ni vidogo mno hata huvioni. Ukitaka uso laini kama kioo juu ya mkangazi, lazima uvijaze kwanza kwa puti ya vinyweleo. Izimue kidogo, ipake kwa kukata mishipa, isukumize ndani kwa kadi kuukuu ya plastiki, kisha kwangua inayobaki juu. Subiri siku nzima, piga msasa, angalia kwa ile taa ya ubavu. Karibu kila mara itabidi urudie, maana puti hunywea inapokauka.

Ukikusudia kumalizia kwa mafuta, achana na haya yote. Mbao yenye vinyweleo wazi iliyopakwa mafuta ina uzuri wake, na mimi binafsi naupenda kuliko kioo.

Msonobari una shida nyingine, utomvu. Vifundo vyake huendelea kuvuja na kutia madoa ya manjano juu ya rangi nyeupe hata baada ya miezi. Dawa yake ni shelaki, ambayo nitaieleza hapa chini.

Nimalizie kwa kitu gani: mafuta, shelaki, laka au rangi ya gari?

Jiulize kwanza una nafasi gani ya kufanyia kazi na una subira ya kiasi gani. Gitaa linakuja baadaye.

Mafuta, kama ya kitani yaliyochanganywa na vikaushio au yale maalumu ya mbao, ndiyo rahisi kuliko yote. Unapaka kwa kitambaa, unasubiri robo saa, unafuta yote yaliyobaki juu, unaacha mpaka kesho. Matabaka matano au sita yanatosha. Hakuna mavumbi ya kuogopa, hakuna michirizi, na likichubuka unapaka tena palepale. Lakini hayakingi sana dhidi ya jasho na kugongwa, na hayawezi kukupa rangi nyekundu ya kupiga kelele. Gitaa la kwanza, paka mafuta. Huo ndio ushauri wangu na watu wachache huufuata.

Shelaki hutokana na utomvu wa wadudu wadogo wanaoishi kwenye matawi ya miti. Huyeyushwa kwa spiriti. Hukauka kwa dakika, hushikana na karibu kila kitu, na ndiyo maana mafundi huipaka katikati ya matabaka mawili yasiyopatana, mradi iwe ile iliyotolewa nta. Peke yake ni nyororo na nzuri, ila jasho la mkono na pombe huila.

Laka ya nitroselulosi ndiyo iliyofunika magitaa mengi ya umeme ya miaka ya 1950. Hukauka kwa kuvukiza thina tu, kwa hiyo tabaka jipya huliyeyusha la chini kidogo na yote yakawa kitu kimoja. Hilo hurahisisha kurekebisha. Ubaya wake: hushika moto upesi, moshi wake si wa kuvuta, huwa ya manjano kwa miaka, na baridi ya ghafla huipasua nyufa nyembamba. Laka ya akriliki ya makopo hufanana nayo kwa matumizi, bila manjano.

Rangi ya gari ya aina mbili zinazochanganywa, yaani rangi na kikazio chake, ndiyo ngumu kuliko zote. Kikazio hicho kina isosayaneti, kemikali inayoharibu mapafu na inayoweza kumfanya mtu apate pumu ya kudumu. Barakoa ya kawaida haitoshi. Wanaoipuliza kila siku huvaa kofia zinazoletewa hewa safi kwa mpira. Ukiitaka, andaa kiwiliwili chako mpaka hatua ya praima, yaani rangi ya msingi, umpelekee fundi wa kupaka magari. Hutakuwa umedanganya mtu. Fender wenyewe, kampuni maarufu ya magitaa, walitumia rangi za magari: ile nyekundu yao maarufu, Fiesta Red, ilikuwa rangi ya Ford Thunderbird ya 1956.

Kopo la kupuliza linaweza kutoa kazi safi kweli?

Linaweza. Yanayoharibu ni haraka na kopo baridi. Liweke kopo ndani ya maji ya uvuguvugu, si ya moto, kwa dakika chache. Mgandamizo unaongezeka na matone yanakuwa madogo. Litikise dakika mbili nzima. Ning'iniza gitaa kwa waya uliopita kwenye tundu la skrubu ya shingo, au lifungie kijiti mahali pa shingo upate pa kulishikia.

Simama sentimita 20 hadi 30. Anza kupuliza kabla hujafika kwenye mbao, pita, achia ukishapita upande wa pili. Kila mpito ufunike nusu ya uliotangulia. Anza na kingo, kisha nyuma, mwisho mbele. Tabaka la kwanza liwe kama ukungu tu, usijali kuona mbao. Matabaka matatu membamba kwa siku, saa moja au mbili katikati, kulingana na maandishi ya kopo. Kwa rangi iliyokolea utahitaji praima, matabaka matatu au manne ya rangi, na sita hadi kumi ya laka angavu juu, kwa kuwa nusu ya hiyo laka utaiondoa mwenyewe kwa msasa.

Siku ya mvua pumzika. Laka ikikauka kwenye hewa yenye unyevu mwingi hunasa maji na kugeuka nyeupe kama maziwa.

Rangi yangu imeharibika. Ni nini na nifanyeje?

Ikichirizika, usiiguse. Kidole chako ndicho kitakachoharibu. Iache ikauke siku kadhaa, ukwangue mchirizi kwa wembe uliobandikwa tepu ncha zote mbili, kisha msasa wa 400.

Ikitoa vitundu vya mviringo kama macho ya samaki, kuna silikoni au mafuta: ya mikono, ya kung'arishia fanicha, hata ya nywele. Osha kwa thina inayofaa, futa, piga shelaki, anza tena.

Ikiwa na vipele kama ganda la chungwa, ulisimama mbali mno au rangi ilikuwa nzito. Msasa wa maji utaimaliza. Ikikunjamana kama ngozi ya maziwa yaliyochemka, umeweka thina kali juu ya rangi isiyopatana nayo, na hapo sina habari njema: ondoa yote.

Nisubiri muda gani kabla ya kung'arisha?

Kukauka kwa kugusa si kukomaa. Laka ya nitroselulosi ipe wiki tatu hadi nne. Akriliki ya kopo wiki mbili hadi tatu. Vanishi ya maji wiki mbili hivi. Rangi ya gari yenye kikazio siku chache. Kipimo changu ni pua. Weka pua karibu kabisa na lile tundu la pikapu. Kama bado kunanuka thina, laka bado inapumua, na inapopumua hunywea. Ukiing'arisha leo, mwezi ujao utaona vinyweleo vimerudi kama havikujazwa.

Huu ndio wakati ambapo magitaa mengi huharibika, kwa kuwa mtu hana la kufanya ila kulitazama. Litoe machoni pako. Tengeneza nyaya.

Kung'arisha kwenyewe kukoje?

Msasa wa maji: 800, 1000, 1500, 2000, ukilowesha kwa maji yenye tone la sabuni. Uso wote uwe na weupe wa ukungu ulio sawa. Palipobaki panapong'aa ni bonde, msasa haujafika. Jihadhari na kingo na midomo ya matundu, hapo laka ni nyembamba na dakika moja ya kujisahau inakufikisha kwenye mbao. Na maji yasiingie kwenye matundu ya skrubu: mbao huvimba na kuinyanyua laka kuzunguka tundu. Paka nta ya mshumaa ndani ya kila tundu kabla ya kuanza. Baada ya hapo ni kompaundi ya magari, yaani dawa ya kung'arishia rangi, ile ya kukwaruza halafu ile laini, na kitambaa safi.

Ukipenda gitaa lisilong'aa, ishia 1500 kisha nta. Halionyeshi alama za vidole.

Pambo linaingia lini: kabla ya laka au baada?

Karibu kila pambo hukaa chini ya laka. Kwa hiyo ulipange kabla hujashika kopo la kwanza.

Michirizi ya tepu ni rahisi na ina heshima zake. Eddie Van Halen, mpiga gitaa la roki, alipaka gitaa lake jeusi, akalizungushia tepu ovyo, akapaka nyeupe, akabandua: michirizi myeusi juu ya nyeupe. Mwaka 1979 akarudia kwa nyekundu. Siri ni kubandua tepu rangi ikiwa bado mbichi kidogo, ukiivuta kuelekea nyuma na si kuelekea juu. Kuzuia rangi isipenye chini ya tepu, puliza kwanza tabaka jembamba la laka angavu juu ya ukingo wake. Ikipenya, itapenya hiyo isiyoonekana.

Kuchora kwa mkono kunawezekana kwa rangi za akriliki au kalamu za rangi za akriliki. George Harrison wa Beatles mwaka 1967 aliipaka Stratocaster yake, gitaa la Fender, rangi za kuwakawaka, na kichwani akatumia rangi ya kucha ya mkewe. Ukichora kwa kalamu za wino, jaribu kwanza kwenye kipande cha mbao, kwani laka huyeyusha wino mwingi na mistari hutoka machozi. Matabaka mawili ya kwanza ya laka yawe makavu, ya mbali, ya kugusagusa tu.

Kitambaa au karatasi juu ya kiwiliwili hutoka vizuri ajabu. Bandika kwa gundi nyeupe iliyozimuliwa, kata ukingo kwa wembe mpya, funika ukingo kwa rangi iliyokolea inayofifia kuelekea ndani. Hesabu laka mara mbili ya kawaida ili kuzika unene wa kitambaa. Mwaka 1968 Fender walitoa magitaa yao ya Telecaster yenye maua kwa kubandika karatasi ya ukutani yenye gundi, na nyingi zimepasuka laka tangu hapo. Karatasi na laka nene hazisinyai pamoja.

Kuchoma mbao kwa kalamu ya moto: choma mbao ikiwa tupu, piga msasa mwepesi kuondoa masizi, kisha mafuta au laka. Usichome kamwe juu ya rangi, utavuta sumu.

Na kuna kupachika vipande vya ganda la chaza. Hapa nampenda Brian May, mpiga gitaa wa bendi ya Queen. Alianza kutengeneza gitaa lake na babake mwaka 1963, shingo wakaichonga kutoka mbao za fremu ya meko kuukuu, tundu la mdudu wakaliziba kwa kijiti cha kiberiti, na vile vidoti vya kwenye ubao wa vidole ni vifungo vya ganda la chaza kutoka kwenye kisanduku cha kushonea cha mamake. Pambo kama hilo halinunuliwi. Ukilikata ganda mwenyewe, likate likiwa limelowa na uvae barakoa, vumbi lake ni baya kwa mapafu.

Nataka ule mtindo wa manjano katikati na giza pembeni.

Sanbasti. Gibson, kampuni nyingine ya magitaa, waliihamishia gitaa lao la Les Paul mwaka 1958, baada ya kuipaka dhahabu tangu 1952. Paka manjano mwili mzima, tia laka angavu ya kinga, kisha puliza kahawia au nyeusi kuzunguka kingo, kopo likielekea nje ya gitaa na si ndani. Hiyo pembe ndiyo siri yote. Ukungu wa rangi unaangukia nje, na mfifio unatokea wenyewe. Fanya mazoezi kwenye kadibodi iliyokatwa umbo la gitaa. Tatu, angalau.

Shingo nayo nipake?

Nyuma ya shingo, mafuta au laka iliyofifishwa kwa msasa wa 1500 ili kiganja kisigande. Ubao wa vidole wa mpingo au mti wowote wenye mafuta yake, mafuta kidogo tu. Wa mepo lazima upakwe laka, vinginevyo utakuwa mweusi wa jasho. Ziba tepu kwenye kile kitako ambapo shingo inaingia kwenye kiwiliwili: matabaka ya laka hapo huongeza unene, shingo ikagoma kuingia, nawe ukailazimisha, na laka ikapasuka pembeni.

Naweza kuweka nembo kichwani?

Weka jina lako. Chapisha kwenye karatasi ya vibandiko vya maji, puliza laka juu yake kama ulichapisha kwa wino, lowesha, telezesha, kausha, uizike chini ya laka. Kuweka nembo ya kampuni kubwa kwenye gitaa ulilolikata mwenyewe ni kuwapa wengine sifa ya kazi yako, na siku likiuzwa ni ulaghai.

Je, rangi hubadili sauti?

Kwenye gitaa la umeme, pikapu husikiliza waya wa chuma ukitikisika juu ya sumaku. Urefu wa pikapu kutoka kwenye nyuzi hubadili sauti kuliko tofauti ya laka yoyote niliyowahi kusikia. Chagua kwa macho na kwa mkono.

Ndani ya matundu nako kunahitaji rangi?

Si ya urembo. Paka rangi inayopitisha umeme au bandika tepu ya shaba, iunganishe na waya wa ardhi, ili kuzuia mvumo. Pima kwa mita kwamba kila kipande cha shaba kimeshikana na kingine. Hakikisha pia waya wa ardhi unagusa chuma cha daraja. Rangi ikiingia katikati yao, gitaa litanguruma hata ukizigusa nyuzi.

Kuna hatari gani nisiyoijua?

Matambara ya mafuta. Mafuta ya kitani yanapokauka hutoa joto, na tambara lililofinyangwa na kutupwa kwenye ndoo linaweza kujiwasha lenyewe saa chache baadaye, nawe umelala. Litandaze nje likauke likiwa limekunjuliwa, au litumbukize kwenye kopo la bati lenye maji na kifuniko. Kwa rangi za kupuliza, fungua madirisha, zima kila moto, vaa barakoa yenye vichujio vya kemikali. Ile ya karatasi huzuia vumbi, haizuii moshi wa thina.

Niligonge na kulikwaruza lionekane zee?

Ni gitaa lako. Mimi ningelicheza tu.

Limekauka, limeng'aa. Nilifunge vipi bila kuliharibu?

Tandaza taulo. Pitisha keekee yenye ncha pana kidogo kwenye kila tundu la skrubu, ikizunguka kinyumenyume, ikwangue laka ya mdomoni tu; bila hivyo skrubu itaivuta laka na kuipasua. Paka skrubu sabuni au nta. Kaza kwa mkono, si kwa mashine. Na kama ulitumia nitroselulosi, chunguza kisimamio chako: mpira na sponji za visimamio vingi huiyeyusha laka hiyo polepole. Vizungushie kitambaa cha pamba kabla hujalisimamisha usiku wa kwanza.